Mjadala: Dozi ya nne ya chanjo ya malaria, kuna haja gani kama neti ipo?

Mdau wa Ahero: Chanjo hii, RTS,S, ilizinduliwa Homa Bay, hapa Kenya, Septemba 2019. Utafiti mkubwa wa 2015 ulisema dozi nne hupunguza visa kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Naona ni kidogo. Mama aache shamba la mpunga asubuhi nzima, kisha nesi amwambie arudi Alhamisi kwa kuwa hataki kufungua kichupa? Pesa hizo zinunue neti za PBO, zile zenye kemikali ya kuipa nguvu dawa ya mbu.

Sista Kondele: "Hataki" umelitoa wapi? Kichupa ni cha watoto wawili. Kikishachanganywa kina saa 6, zikipita kinatupwa. Nesi anayesubiri mtoto wa pili anaogopa kuulizwa mwisho wa mwezi dozi zilienda wapi. Usimfanye mvivu.

Omosh wa Nyalenda: Sista, BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina dozi 20 kwa kichupa, hapo naelewa kupanga siku. Hii hasara yake kubwa kabisa ni dozi moja. Mama amebeba mtoto juani, unalilia dozi moja?

Sista Kondele: Wapi nimesema arudishwe? Mtoto mmoja anatosha kufungua! Ninachokataa ni hilo neno.

Mwalimu Bumala: Mnapigania chupa na jambo lenyewe mmeliacha. Utafiti huohuo: walioishia dozi tatu, kinga yao dhidi ya malaria kali kwa kipindi chote ilikuwa asilimia 1. Waliopata ya nne, 32. Tunazungumzia malaria ya degedege na ya kuongezewa damu. Mdau, hiyo ndiyo dozi unayotaka tuiache?

Omosh wa Nyalenda: Na ile chanjo nyingine ya malaria, ya Oxford, R21, si ni asilimia 75?

Mwalimu Bumala: 75 ni Mali na Burkina Faso, ilipotolewa kabla ya msimu wa mvua, tena kwa mwaka wa kwanza tu. Penye kuchanja mwaka mzima, Kilifi ikiwemo, ilikuwa 68. Usiilinganishe na ile 36 ya miaka minne.

Mdau wa Ahero: Mmeikwepa neti. Mbu aina ya funestus huku ameizoea dawa ya kawaida. PBO inamzuia kuivunja dawa hiyo mwilini mwake.

Sista Kondele: Na PBO hupungua kila neti inapofuliwa. Nani kakwambia tuchague? Ghana, Malawi na hapa Kenya chanjo haikuja kuondoa neti, na vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Mwalimu Bumala: Kilichoiponza dozi ya nne ni ratiba ya 2019: miezi 6, 7, 9, halafu 24. Surua ya pili ni miezi 18. Mama akishaimaliza hiyo anaona kliniki imekwisha. Iwekwe pamoja na surua.

Omosh wa Nyalenda: Hilo sawa. Lakini Sista, kuna wanaochanganya unga na maji ya sindano wakikosa kile kichupa kingine. Hapo vipi?

Sista Kondele: Hapana kabisa. Vichupa viwili huja vikiwa jozi: unga, na kioevu chenye AS01 kinachoamsha kinga. Vyote vikae nyuzi 2 hadi 8, visigande. Vuta kioevu chote, kiingize kwenye unga, zungusha polepole bila kutikisa hadi unga uyeyuke wote, kisha vuta mililita 0.5. Maji ya sindano hayana AS01. Hiyo si dozi, na isiandikwe kwenye kadi ya mtoto.