Naomba ushauri: nchi ya kale ya Punt ilikuwa wapi, nimebanwa na wanafunzi

Wakuu habari zenu, nafundisha histori form one, juzi nikawa naelezea biashara ya Misri ya kale enzi za Hatshepsut, yule malkia aliyetuma meli Punt miaka kama 3,500 iliyopita, darasa likachangamka balaa. Ile michoro ya ukutani kwenye hekalu lake kule Deir el-Bahari, Misri, inaonyesha meli tano zinapakiwa ubani, dhahabu, pembe za ndovu, nyani wanapanda kwenye kamba, na miti ya ubani imebebwa na mizizi yake kwenye vikapu ikapandwe Misri (yani mama alitaka aache kununua kabisa 😂). Wamisri wao wanaonekana wamepeleka shanga, shoka na majambia, sasa dogo mmoja kaniuliza, tiche, hiyo si watu wa Punt walilaliwa? Na mwingine kang'ang'ana Punt ni huku kwetu pwani. Mimi najua wataalamu wengi wanaelekea Eritrea, Sudan mashariki, Ethiopia mpaka Somalia, ila kuwaeleza watoto mbona hakuna jibu moja ndo nakwama. Walimu wenzangu mnaanzia wapi hapo? Alhamisi nina kipindi nao tena.