Amitriptilini miligramu 75, wagonjwa wawili, matokeo mawili

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu wapendwa, salamu kutoka Bukavu. Katika kituo chetu tunawafuatilia kina mama wawili wenye sonona, wote wamevuka kidogo miaka 50, na wote wanakunywa amitriptilini miligramu 75 kila usiku, baada ya kupandishwa polepole kutoka 25. Wa kwanza, ilipofika juma la nne, alianza kulala na kula, na sasa amerudi sokoni kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wa pili, katika juma hilohilo, mikono inamtetemeka, mdomo umekauka hata kuzungumza kunamshinda, mkojo unatoka kwa taabu, na usiku anaongea na watu wasiokuwepo. Familia yake inaamini kwamba ugonjwa umemzidi na inaomba dawa iongezwe.

Nimewahi kusoma kuhusu utafiti wa Uswidi wa mwaka 1971, ambamo wagonjwa waliokuwa na nortriptilini nyingi mno katika damu hawakupata nafuu kama wale waliokuwa na kiasi cha wastani. Lakini sisi hatutoi nortriptilini. Je, utafiti huo unamhusu mama huyu?

Mfamasia wa Kampemba (Lubumbashi)

Ndugu muuguzi, nortriptilini mnaitoa, ila mnaitoa kwa mkono wa ini la mgonjwa. Amitriptilini ikifika kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP2C19 huiondolea kundi moja la methili, na kinachobaki ndicho nortriptilini, ambayo ni dawa kamili na huuzwa peke yake katika nchi nyingine. Kisha kimeng'enya kingine, CYP2D6, huigeuza kuwa hidroksinortriptilini, ambayo nayo haijafa: bado inazuia noradrenalini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, isirudishwe ndani ya seli za neva, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi, na madhara yake ya kukausha mdomo na kufunga mkojo ni hafifu sana. Mwishowe hutoka kupitia figo. Kwa hiyo mgonjwa anayemeza kidonge kimoja anaishi na dawa tatu kwa pamoja, na uwiano wake hautegemei kile mlichoandika kwenye karatasi pekee.

Suala hili ni la zamani kama dawa zenyewe. Imipramini, ya kwanza katika ukoo huu wa trisikliki (dawa za sonona ambamo amitriptilini nayo imo), ilijaribiwa na Roland Kuhn huko Münsterlingen, Uswisi, naye akatangaza matokeo yake mwaka 1957. Watafiti walipogundua kwamba mwilini inageuka kuwa desipramini, baadhi yao walidhani wamekipata kiini chenyewe cha dawa, na kwamba mgonjwa akipewa desipramini moja kwa moja atapona haraka bila kusubiri majuma. Haikuwa hivyo. Desipramini ilitibu, lakini majuma ya kusubiri yalibaki yaleyale.

Kuhusu utafiti wa Marie Åsberg na wenzake uliousoma, nortriptilini ilifanya kazi vizuri kati ya takriban nanogramu 50 na 150 kwa kila mililita ya plazima (majimaji ya damu), na juu ya hapo nafuu ilipungua. Usiichukue kanuni hiyo ukaipeleka kwa kila dawa ya ukoo huu, maana kwa imipramini hesabu hufanywa kwa kuijumlisha na desipramini yake, na jumla hiyo inapovuka takriban 200 ndipo wagonjwa wengi zaidi huitikia. Kwa amitriptilini pia hujumlishwa na nortriptilini, na kiwango kinachokubalika ni kati ya 80 na 200.

Muuguzi wa Kadutu

Ninashukuru sana. Hapa hatuna mashine ya kupima viwango hivyo, na wagonjwa wa Uswidi si wagonjwa wa Kadutu. Hilo nalo linanisumbua.

Daktari wa Himbi (Goma)

Linakusumbua kwa haki. Jeni ya CYP2D6 ina sura nyingi: nchini Ethiopia takriban watu 29 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na nakala za ziada, na hao huiteketeza dawa kabla haijafanya kazi, ilhali aina iitwayo CYP2D6*17, inayofanya kazi kwa uvivu, ni ya kawaida kusini mwa Sahara na ni nadra Ulaya. Kwa hiyo miligramu 75 inaweza kuwa kidogo kwa mmoja na kupita kiasi kwa jirani yake, bila yeyote kukosea.

Lakini kabla ya kuilaumu jeni, ulizeni dawa nyingine, kwa upole na bila kumkaripia mtu. Je, alitibiwa malaria hivi karibuni? Lumefantrini, mojawapo ya dawa za malaria, hukizuia CYP2D6, tena yenyewe haifai kuchanganywa na dawa zinazogusa mapigo ya moyo. Na kama anakunywa rifampisini ya kifua kikuu, mambo hugeuka, kwani hiyo huharakisha ini na kushusha nortriptilini.

Dalili ulizoeleza si sonona iliyozidi. Ni dawa iliyozidi. Usiku wa leo asimeze amitriptilini, na apelekwe hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo, kwa sababu trisikliki huzuia njia za sodiamu, zinazopitisha umeme katika misuli ya moyo, na kipimo hicho ndicho kitakachoonyesha hatari kabla mgonjwa hajaanguka. Kibofu kikijaa bila kutoka, awekewe mpira wa mkojo.

Muuguzi wa Kadutu

Docta, nimerudi na jibu. Malaria hakuugua. Kijana wake mkubwa, kwa mapenzi kabisa, alimnunulia fluoksetini kwenye farmasi ya mtaani bila karatasi ya daktari, akidhani dawa mbili za huzuni zitamponya mama yake haraka zaidi. Amekuwa akimpa kidonge kimoja cha miligramu 20 kila asubuhi kwa siku 18. Kipimo cha moyo kimefanyika leo, nao wanasema hakijaharibika. Je, tukiiacha fluoksetini, tunaweza kumrudishia amitriptilini yake Jumatatu?

Daktari wa Himbi

Hapana, Jumatatu ni mapema mno. Fluoksetini huzuia CYP2D6, nayo ina metaboliti yake (kile ambacho mwili huigeuza kuwa), norfluoksetini, ambayo huzuia CYP2D6 vilevile, na nusu yake tu huchukua kati ya siku 4 na 16 kutoka mwilini. Mama ataacha vidonge leo, lakini kizuizi kitaendelea kukaa ndani yake kwa majuma kadhaa. Subirini akili itulie na mkojo utoke vizuri, kisha daktari anayemfuata achague dawa moja tu. Ikiwa ni amitriptilini, aanze tena na 25 kana kwamba hajawahi kuinywa, na vidonge vyote vilivyobaki nyumbani mvikusanye, hasa kama kuna watoto.