Tupeane uzoefu: wenye miaka 40 na kuendelea, mnajengaje nguvu huku kiuno kikibaki chembamba?

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 47, fundi umeme, Temeke. Wa rika langu wengi nawaona wanakimbia tu alfajiri na kujinyima chakula, na inaniuma. Ukishavuka 30 misuli hupungua kwa takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na ukishinda njaa inayeyuka haraka zaidi. Mizani inashuka, kitambi kinabaki.

Mimi napiga chuma nyumbani. Makopo mawili ya rangi ya lita 4, zege, bomba la chuma. Zege likikauka kila kopo linakaribia kilo 10. Siri iko kwenye kumwaga: simamisha bomba katikati ya kopo la kwanza, lifunge kwa kamba lisiyumbe, subiri likauke kabisa ndipo ugeuze umwage la pili. Bomba likikaa upande, mkono mmoja unaelemewa na mgongo unaumia. Jumatatu na Alhamisi nachuchumaa nalo mabegani, nainama na kulivuta hadi tumboni, kisha nalisukuma juu ya kichwa. Nikiona marudio 12 yamekuwa mepesi, naning'iniza vifuko vya mchanga pande zote mbili.

Kiuno napima kwa futi ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya chai, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi nikiwa nimeitoa. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara kipimo kinachotumika ni chini ya sm 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Nilikuwa 103, sasa 92, na mizani imeshuka kilo 3 tu. Karibuni.

Mama Moro: Asante kaka. Nina 52, hedhi imekoma, na mafuta yaliyokuwa mapajani yakahamia tumboni. Sikuacha ugali, nilipunguza tonge na kuongeza dagaa, maharage na mayai. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, nazunguka nayo uani mpaka vidole vigome. Sasa gunia la mkaa nalisogeza mwenyewe.

Mzee wa Likoni: Kulala chali na kuinuka mara mia hakuchomi mafuta ya tumbo peke yake, ndugu zangu. Kunakaza misuli iliyo chini yake, basi. Kilichonisaidia mimi ni kuacha soda ya kila mchana. Chupa ya ml 500 nyingi zina sukari ya gramu 50 hivi. Na kulala mapema.

Kijana wa Zamani: Nina presha, natumia dawa. Na mimi nibebe?

Muuguzi Dodoma: Shikamoo mkuu. Muone daktari wako kwanza. Akikuruhusu, anza na uzito unaoweza kurudia mara 15 ukiwa bado unaongea. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha; kuibana ndiko kunakopandisha presha ghafla. Siku ukipima ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, usiguse chuma, pumzika, pima tena na uende kituoni. Na dawa usiache hata kama kiuno kimepungua, mpaka aliyekuandikia aseme.

Kijana wa Zamani: Marahaba. Kliniki yangu ni Jumanne, nitamuuliza kuhusu hayo madumu.