Naomba ushauri: Sanje au njia fupi? Naenda Udzungwa na watoto

Njiapanda: Wakuu, salamu. Mwishoni mwa mwezi huu natarajia kwenda na watoto wangu wawili katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kwa kuwa tunataka msitu mkongwe na mtulivu wa kutembea kwa miguu, wala si kukaa ndani ya gari tukihesabu pundamilia. Nimeshindwa kuamua kati ya kupanda hadi maporomoko ya Sanje na kufuata njia fupi ya Prince Bernhard. Usingizi umeanza kunipaa.

Mstaafu: Sanje, bila kusita. Maji yale hushuka kwa ngazi ngazi kiasi cha mita 170, na ukikaa kimya unaweza kumwona ngolaga, tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Mimi nilipanda hifadhi ingali mpya, miaka michache baada ya kuanzishwa 1992, nikiwa na viatu vya ofisini, na mwongozaji alinishika mkono kama bi harusi kila tulipofika penye mizizi.

Mama Nidhamu: Popote mtakapokwenda, simu zibaki nyumbani. Wazazi wa siku hizi wanampeleka mtoto msituni ili wampige picha tu.

Tochi: Mzunguko wa Sanje ni kama kilomita 5 na huchukua takriban saa 4, ilhali njia ya Prince Bernhard ni kama kilomita 1. Uamuzi huo haumnyimi mtu usingizi. Watoto wana umri gani, na afya zao zikoje?

Njiapanda: Mkubwa ana miaka 13, wa pili 9, na mdogo wao ana 5. Huyu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, na alilazwa mwezi uliopita. Hata hivyo sasa anacheza mpira, gari nimeshalilipia nusu, na nilimwahidi kwamba ataoga Sanje. Sitaki akue akiwa mtoto wa kukaa kando wenzake wakicheza.

Jicho Kavu: Mwanzoni watoto walikuwa wawili, sasa wamekuwa watatu, na ugonjwa umezuka baada ya kuulizwa. Hii ni chai, tena ina tangawizi.

Mstaafu: Hata kama ni chai, acheni tuinywe. Habari za siafu hata sijazianza.

Njiapanda: Mdogo anabaki na mama yake, ndiyo maana sikumhesabu. Sina faida yoyote ya kumsingizia mwanangu ugonjwa.

Muuguzi wa Zamu: Iwe kweli au ya kutunga, kuna mzazi mwingine atakayeusoma uzi huu. Uchovu, upungufu wa maji mwilini na baridi ya ghafla vinaweza kuamsha maumivu makali, kwa sababu seli nyekundu zikishabadilika umbo hukwama katika mishipa midogo. Kuoga maji ya baridi huku mwili una jasho la mlima ni hatari hasa. Bonde la Kilombero, lililo chini ya milima hiyo, pia lina malaria, ambayo ni tishio kubwa kwa mtoto wa namna hiyo. Zungumza kwanza na kliniki yake, na wakikuruhusu, shika njia fupi, anywe maji kila mara, asiingie mtoni. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, kwa hiyo akizidiwa kule Sanje atateremshwa mgongoni kwa mtu.

Njiapanda: Nimekuelewa, dada. Lakini je, tukipumzika mara kwa mara, nikambeba penye mwinuko, na maji ayaguse kwa miguu tu?

Tochi: Hilo ulishaliamua kabla hujaja hapa. Mama yake anasemaje?

Njiapanda: Mama yake anajua tunakwenda Prince Bernhard.

Muuguzi wa Zamu: Basi nendeni huko huko anakokujua, na kliniki uipigie kesho asubuhi.