Maji ya kwenye mafunjo hayana hewa, samaki wanaishije humo?

Kigoda: Wakuu, salaam. Nafuatilia sana habari za ardhioevu, na kuna jambo linanitatiza. Katikati ya mafunjo mazito maji ni meusi, yametuama, yananuka uozo. Majani yanaoza humo mwaka mzima, na kuoza kunamaliza oksijeni. Mbona basi korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mpana, anavua hapo hapo, tena anaibuka na samaki mkubwa? Samaki huyo anapumua nini?

Mzee wa Mafunjo: Mkuu, umeuliza swali zuri sana. Anayewindwa hapo mara nyingi ni kamongo, na kamongo ana mapafu. Matamvua anayo, lakini ni madogo, hayamtoshi. Ukimzuia asifike juu, anakufa maji, samaki mzima! Kwa hiyo kila baada ya muda lazima apande, atoe mdomo, avute hewa, azame tena. Korongo-nyangumi anasubiri hilo tu. Anasimama bila kutikisa unyoya, halafu anajitupa mwili mzima, mdomo mbele, na kuinuka na kamongo pamoja na fungu la majani. Majani anayaachia yadondoke. Samaki hachomoki, maana ncha ya ule mdomo imepinda kama ndoana. Kambare naye huvuta hewa ya juu, ana kiungo cha ziada karibu na matamvua.

Kigoda: Ahsante mkuu. Na wasio na mapafu wala kiungo hicho?

Mzee wa Mafunjo: Wapo, na hao ndio wananigusa zaidi. Ziwa Victoria kuna furu wadogo wanaostahimili maji ya namna hiyo. Wakizidiwa, wanapanda kupumulia lile tabaka jembamba la juu linalogusana na hewa. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuwamaliza furu wengi, hawezi. Yeye anataka oksijeni ya kutosha. Hivyo mafunjo ya pembezoni yamekuwa kimbilio la furu. Nikisikia mtu anafyeka mafunjo eti asafishe ufukwe, roho inaniuma. Anamfungulia sangara njia.

Sile Maua: Naongezea nzohe, swala wa kwenye mafunjo. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo hadidimii kwenye tope. Akiwindwa huingia majini, akabakiza pua tu juu. Kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, magharibi mwa Tanzania, wapo, na korongo-nyangumi pia. Ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000.