Kikundi cha Ukoo: Migongo ya Watoto

Shangazi Tabata, 19:02
Assalam alaykum. Jumamosi saa 3 asubuhi kwangu, watoto wote wa miaka 10 hadi 14. Yule rafiki yangu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) atawapima migongo bure, kuona kama imepinda kwenda upande. Fomu ya afya ya shuleni kwao bado ni ile ile: macho, meno, uzito. Mgongo haumo. Nimeshaomba kikao cha wazazi wauongeze.

Bamdogo Dereva, 19:20
Na mie wangu upimwe 😂

Baba Pacha, 19:21
Wewe kapime kitambi

Shangazi Tabata, 19:24
Jamani! Mtoto anavua shati, anainama, viganja pamoja, magoti yamenyooka. Ukisimama nyuma yake unaona kama mbavu za upande mmoja zimenyanyuka. Dakika moja. Wasichana atawapima mwanamke, chumbani, mama zao wakiwepo. Wasichana ndio mgongo huzidi kupinda zaidi.

Baba Pacha, 20:10
Si mabegi hayo? Madaftari 12!

Shangazi Tabata, 20:12
Begi linachosha mgongo, haliupindi hivyo. Wengi wao chanzo hakijulikani, na mwanzoni hauumi, ndiyo maana tunachelewa. Mpindo ukifika nyuzi 25 hivi na mtoto bado anakua, anavalishwa mkanda mgumu usizidi. Ukipita 50 ni habari za upasuaji.

Mama Pili, 21:47
Leo mkanda. Niliposema sketi ya Pili inakaa upande, nani aliandika humu humu kuwa mtoto anategea kuchota maji?

Bamdogo Dereva, 21:49
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Baba Pacha, 21:50
Shemeji, yale yalishapita

Mama Pili, 21:50
Kwako.

Bibi, 22:05 (sauti, mjukuu kaiandika)
Wanangu. Siku ile na mimi nilicheka. Pili sasa ana miaka 19, na kupigwa picha kwa ubavu hataki. Mkamwombe radhi mama yake kabla ya hiyo Jumamosi. Na mimi nimo.

Shangazi Tabata, 22:31
Tumesikia mama.

Shangazi Tabata, 06:15
Majina nimepata matatu tu. Pacha je?

Baba Pacha, 09:40
Mmoja ana mechi

Shangazi Tabata, 09:41
Mechi saa ngapi? Wifi, mdogo wake Pili katimiza 11, mlete. Nakuomba.

Mama Pili, 13:08
Nitaona.

Bamdogo Dereva, 13:30
Shemeji nimekupigia mara mbili. Pokea.