Zalipie, Poland: maua ya ukutani yalianzaje?

Mdadisi: Wakuu, desturi ya kuchora maua kwenye nyumba za Zalipie, kusini mwa Poland, ilitokana na nini? Na rangi walizipata wapi?

Chokaa: Chanzo ni masizi, mkuu. Mwishoni mwa karne ya 19 vibanda vingi havikuwa na dohani. Moshi ulitokea tundu la darini, kuta zikawa nyeusi. Wanawake walizipiga madoa ya chokaa kupunguza giza. Majiko yenye dohani yalipoingia kuta zikabaki safi, na madoa yakageuka maua.

Nyeusi ilikuwa masizi, kahawia ni udongo, nyeupe ni chokaa, bluu ni ile ya kufulia nguo. Walichanganya na maziwa, yai au sukari ili ishike. Kwa maji matupu, ikikauka inabaki unga na ukiigusa inakufuata mkononi. Brashi? Nywele za mkia wa ng'ombe au farasi zilizofungwa kwenye kijiti.

Mdadisi: Asante sana. Mvua haiyafuti?

Bibi Maua: Huyafuta, ndugu, hasa ya nje, ndiyo maana huchorwa upya. Siku hizi hutumia rangi za dukani, zinazodumu zaidi. Shindano la kupamba nyumba liitwalo Malowana Chata ("Nyumba Iliyochorwa"), lililoanza 1948, hufanyika baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo (Mei au Juni), kwa hiyo nenda majira hayo ukute rangi mbichi. Usikose nyumba ya Felicja Curyłowa (1904–1974), mchoraji maarufu wa kijiji hicho, ambayo sasa ni makumbusho. Kwangu mimi, hiyo ndiyo roho ya kijiji.